Hermanus, Kaikōura, California au Uskoti: pwani ipi ya kutazama wanyama wa bahari ukiwa na fedha kidogo?

Anayelala hosteli hafilisiwi na kitanda. Nimepanga safari za namna hii kwa miaka kadhaa, zangu na za marafiki, na kila nikifungua daftari la matumizi nakuta jambo lile lile. Usiku wa bwenini ni fedha ndogo. Chakula, ukijipikia, ni fedha ndogo. Halafu kuna mstari mmoja tu, wa boti au wa gari la kukodi, umemeza nusu ya mfuko. Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa pa kwenda kuona nyangumi bila kukopa, siangalii kwanza bei ya kitanda. Nauliza: kutoka kitandani hadi pale unapomwona mnyama, kuna mwendo gani kwa miguu?

Kwa kipimo hicho nalinganisha hapa pwani nne ambazo watu wa hosteli huzitaja sana: Hermanus ya Afrika Kusini, Kaikōura ya Nyuzilandi, kipande cha pwani ya California kusini mwa San Francisco, na Chanonry Point kaskazini mwa Uskoti. Nauli ya ndege na viza nimeziweka kando kwa kuwa kila mtu anatokea kwake. Nalinganisha yanayoanza ukishatua. Kwa Nyuzilandi tu ongeza kwenye hesabu yako tozo ya utalii na hifadhi, ambayo tangu Oktoba 2024 ni dola 100 za huko kwa wageni wengi. Kwa mtu wa bajeti ndogo hizo ni siku kadhaa za kula.

Unakwenda kumwona nani?

Nianze na Hermanus, kwa sababu pale jambo lenyewe linashangaza. Mji uko kilomita 120 hivi kusini-mashariki mwa Cape Town, kwenye ghuba ya Walker Bay. Kuanzia Juni nyangumi wa kusini, wale wasio na pezi mgongoni, huingia ghubani kuzaa na kunyonyesha, na wengi huondoka Novemba. Wawindaji wa zamani waliwapa jina la Kiingereza lenye maana ya "nyangumi wanaofaa", yaani wanaofaa kuuawa: wanaogelea taratibu, wanapenda kukaa karibu na nchi kavu, na wakifa wanaelea. Karibu wamalizwe kabisa kabla ya kulindwa kimataifa mwaka 1935. Sasa tabia ile ile iliyowaponza ndiyo inayomfaa msafiri asiye na fedha ya boti. Mama na mtoto wanajilaza chini ya jabali, wewe uko juu umekaa kwenye mwamba na kipande chako cha mkate.

Siku isiyo na upepo unamsikia kabla hujamwona. Anatoa pumzi kama mzee anayeshusha gunia zito begani, kisha unauona mvuke wenyewe ukipanda kwa mafungu mawili, umbo la herufi V, kwa sababu matundu yake mawili ya pua yametengana. Baadaye kichwa kinajitokeza, cheusi, kimejaa sugu za rangi ya chokaa. Mpangilio wa sugu hizo haufanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huzitumia kumtambua kila mmoja kama sisi tunavyotambuana kwa sura. Ndama akizaliwa tayari ana mita tano au zaidi. Ukimwona kando ya mama yake bado utamwita mdogo.

Kaikōura ni habari nyingine kabisa. Mji huu uko pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kusini, kilomita 180 hivi kaskazini mwa Christchurch, na sifa yake iko chini ya maji: korongo la bahari lenye kina cha zaidi ya mita 1,000 linasogea karibu sana na ufuko. Korongo hilo huwalisha nyangumi wenye meno, wale wakubwa wenye kichwa cha mraba kama sanduku, wanaozamia gizani kutafuta ngisi. Wengi wanaoonekana pale ni madume, nao wapo mwaka mzima. Ila wapo nje baharini. Ukisimama ufukweni unaweza kubahatisha, lakini anayetaka kumwona kwa uhakika hupanda boti. Wahudumu wa boti hushusha maikrofoni ya majini na kusikiliza milio ya mnyama aliye chini, kisha husogea pale watakapomkuta akipanda. Anakaa juu dakika kumi hivi akipumua, pumzi yake ikitoka imeinama upande wa kushoto, halafu mgongo unajikunja, mkia unasimama wima, na anatoweka kwa dakika arobaini au zaidi. Kwa hiyo unalipia saa kadhaa za boti ili upate dakika chache. Waliolipa wengi hawajutii, lakini ujue hivyo kabla hujalipa.

Usimsahau sili wa manyoya wa Kaikōura. Huyo ni bure. Mwisho wa barabara ya rasi, mahali panapoitwa Point Kean, sili hulala juu ya mawe, wengine kando ya maegesho ya magari, na ukitembea kutoka mjini ni kama saa moja. Jina la mji lenyewe ni la Kimaori na linahusu kula kamba wa mawe, kwa hiyo si nyangumi na sili tu walioipenda pwani ile kwa chakula chake.

California sasa. Wengi huiweka kwenye orodha kwa ajili ya nyangumi wa kijivu, nami nasema nyangumi wa kijivu ni nyongeza tu, kwani mwenye pwani ile ni sili-tembo. Mwishoni mwa karne ya 19 uwindaji wa mafuta uliwabakiza wachache, pengine chini ya mia moja, kwenye kisiwa cha Guadalupe cha Mexico. Wote waliopo leo, na sasa ni zaidi ya laki moja, wametokana na hao wachache. Katika hifadhi ya Año Nuevo mtoto wa kwanza kuzaliwa upande wa bara alionekana mwaka 1975. Ukifika Januari unakuta madume yenye urefu wa mita nne na zaidi, uzito wa zaidi ya tani mbili, yakigombea ufuko. Sauti ya dume ni mlio mzito, mfululizo, kama pipa tupu linalogongwa ndani ya shimo. Unausikia kutoka nyuma ya vilima vya mchanga kabla hujaona mnyama hata mmoja. Katikati ya fujo hiyo mama ananyonyesha karibu mwezi mzima bila kula chochote. Mtoto anazaliwa mwembamba, ngozi imemlegea kama koti la kaka yake. Akiachishwa ziwa ni duara tupu.

Chanonry Point ni ulimi wa mchanga na kokoto unaochomoza kwenye ghuba ya Moray Firth, kaskazini mwa Inverness. Hapo hakuna nyangumi wa kuahidiwa. Kuna pomboo, na ni pomboo wakubwa, hadi mita nne hivi, kwa kuwa wanaishi kwenye maji baridi. Kundi la pwani ile ni la pomboo 200 na ushei. Maji yakianza kujaa, mkondo unabana kwenye ulimi ule na kusukuma samaki wa samoni kuelekea mitoni, na pomboo wanawasubiri hapo hapo mlangoni. Siku nzuri wanawinda umbali wa kutupa jiwe kutoka miguuni pako, nawe umesimama mchangani.

Mwendo wa kutoka kitandani

Kwa kipimo changu hakuna anayeishinda Pigeon Point. Ni mnara wa kuongozea meli wenye urefu wa mita 35, uliowashwa mwaka 1872, kilomita 80 hivi kusini mwa San Francisco, na nyumba za waliokuwa wakiutunza zimegeuzwa kuwa hosteli. Unaamka, unachemsha maji, unatoka na kikombe mkononi, na bahari iko pale nyuma ya jiko. Kati ya Desemba na Mei nyangumi wa kijivu hupita, kwanza wakishuka kwenda kuzaa kwenye maghuba ya Baja California huko Mexico, kisha wakirudi kaskazini. Mama wenye watoto hupita mwishoni, Aprili na Mei, na hao ndio huambaa karibu zaidi na nchi kavu. Mnara wa pili, Point Montara, uko karibu zaidi na jiji na nao una hosteli. Kutoka hapo unatembea hadi hifadhi ya Fitzgerald, ambako maji yakipwa unaona viumbe wa kwenye vidimbwi vya mwambani, na sili wadogo wamejilaza kwenye miamba. Mnara wa Montara una kisa kinachonifurahisha kila nikikikumbuka: mwaka 2008 iligundulika kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya Massachusetts, ukasimama huko kwa miaka mingi, kisha ukasafirishwa kuvuka bara zima.

Tatizo la California ni gari. Montara utafika kwa basi. Pigeon Point bila gari ni shida ya kweli, na Año Nuevo iko kilomita 11 hivi mbele zaidi, kando ya barabara kuu ambayo si ya kutembea kwa miguu. Kwa hiyo hosteli iliyo juu ya bahari inakupa nyangumi bure, lakini sili-tembo unamlipia kwa mafuta ya gari. Mkiwa wanne mnaogawana gari, hesabu inakubali vizuri sana. Ukiwa peke yako inagoma, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwa kuangalia bei ya kitanda pekee.

Hermanus ni kinyume chake. Hosteli ziko mjini, na njia ya majabali, kama kilomita 12, inapita mbele ya mji wote. Unatoka mlangoni, dakika chache uko juu ya maji. Tangu 1992 mji huu umekuwa na mpiga mbiu wa nyangumi, mtu anayezunguka na pembe iliyotengenezwa kwa mwani mkubwa uliokaushwa, akiipuliza kutangaza nyangumi wameonekana wapi. Shida ni kufika. Treni haipo. Mji una jengo la stesheni, lakini reli haikuwahi kufika. Utatafuta gari la abiria kutoka Cape Town au kuungana na wageni wengine wa hosteli, na ni bora uulize hosteli yenyewe kabla hujatua. Ukishafika, mfuko unatulia hadi siku ya kuondoka. Kuna kisa kimoja cha njiani: ukipata usafiri unaopita barabara ya pwani, Stony Point pale Betty's Bay kuna koloni la pengwini wa Afrika, ambao Oktoba 2024 waliingizwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kiingilio kidogo, daraja la mbao, na pengwini wako chini ya miguu yako.

Chanonry unalala Inverness, na hilo ni pungufu lake. Kitanda kiko mjini, pomboo wako ng'ambo ya daraja. Basi la kwenda Fortrose linakufikisha, kisha unatembea nusu saa hivi hadi ncha. Ni nauli ya basi tu kila siku, lakini ni kila siku.

Kaikōura kufika ni rahisi: mabasi ya kati ya Christchurch na Picton husimama hapo, na treni ya pwani hupita katika miezi ya joto. Barabara na reli hizo zilivunjwa na tetemeko la 14 Novemba 2016, lenye ukubwa wa 7.8, lililoinua hata sakafu ya bahari ikawa nchi kavu mahali pengine. Zilijengwa upya. Ukikuta maelezo ya zamani yanayosifu maporomoko ya Ohau ambako watoto wa sili walikuwa wakicheza msituni, fahamu kwamba ni tetemeko hilo lililoharibu mahali pale.

Kalenda, na siku ya kukosa

Ukiwa na likizo mwezi mmoja tu wa mwaka, kalenda itakuchagulia. Januari na Februari ni California. Juni hadi Agosti ni Chanonry, na Hermanus inaanza kuamka. Mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba ni Hermanus, bila mjadala. Mwezi mwingine wowote Kaikōura inakupokea, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa kuliko zote.

Lakini kuwemo msimuni si kuona. Hapa ndipo napenda watu wasikie vizuri, kwa sababu ndipo hosteli inapolipa kuliko hoteli. Mnyama wa porini hana miadi nawe. Mwenye chumba cha bei kubwa huja usiku mmoja, upepo ukivuma anaondoka hajaona kitu. Mwenye kitanda cha bwenini anaweza kukaa usiku wanne kwa fedha ile ile. Mara yangu ya kwanza kufuata nyangumi nilikaa siku tatu nikiangalia mvua na mawimbi meupe, na sikuona hata mkia. Siku ya nne asubuhi bahari ilikuwa imelala kama mafuta, na nilihesabu mama watatu na ndama wao kutoka sehemu moja. Ningekuwa nimelipia siku mbili ningerudi nikisema pwani ile ni uongo mtupu.

Boti nayo ina siku zake za kukosa, na ni ghali zaidi. Mwaka mmoja nililipia safari ya boti kwa kampuni niliyoikuta mtandaoni, sikusoma masharti, bahari ikachafuka, safari ikaghairiwa, na nilichopewa ni tarehe nyingine, siku mbili baada ya ndege yangu kuondoka. Fedha haikurudi. Tangu hapo nasoma mambo mawili kabla ya kulipa: bahari ikichafuka narudishiwa nini, na mnyama asipoonekana narudishiwa nini. Yanatofautiana. Kwa upande huu Kaikōura inastahili sifa: Whale Watch Kaikoura, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Wamaori wa ukoo wa Ngāti Kuri, kwa muda mrefu imekuwa ikirudisha asilimia 80 ya nauli kama nyangumi hakuonekana. Hilo linapunguza uchungu, ingawa hali ya hewa bado inaweza kukufungia bandarini. Kwa hiyo boti iwe asubuhi ya kwanza ya kukaa kwako, ubaki na siku za kujaribu tena.

Chanonry haitegemei bahati kiasi hicho. Inategemea saa. Maji yanapwa mara mbili kwa siku, kila mara yakichelewa, na kwa siku nzima yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana. Pomboo hupenda kuanza kuwinda kama saa moja baada ya maji kupwa kabisa, yanaporudi. Mwezi Juni kaskazini mwa Uskoti jua linachomoza baada tu ya saa kumi alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo mara nyingi unapata kupwa mara mbili ndani ya mwanga wa siku moja. Septemba unapata moja tu iliyo nzuri, na basi inaweza isikubaliane nayo. Watu hufika pale saa sita mchana kwa sababu ndiyo saa ya matembezi, wanasimama, wanapigwa na baridi, wanaondoka, na pomboo wanaingia saa tisa.

Ukungu wa California msiudharau. Katikati ya kiangazi pwani ile inaweza kufunikwa kutwa, mnara umesimama ndani ya pamba, na nyangumi wa kijivu wakati huo wako mbali kaskazini. Kiangazi ndipo hosteli zinapojaa na ndipo wanyama wanapokuwa wachache.

Sheria za kukaribia

Hili si jambo la kupita haraka kwa mtu anayependa wanyama, na pia lina uzito kwenye mfuko, kwa sababu sheria ndiyo inayoamua kama unahitaji mtu wa kukuongoza. Año Nuevo, kuanzia 15 Desemba hadi 31 Machi, huingii eneo la sili bila matembezi ya kuongozwa, kama kilomita tano za mchanga na saa mbili na nusu. Yanauzwa mapema na yanakwisha. Mwongozaji anakuweka mita nane hivi kutoka kwa mnyama, na dume akisogea mnahama nyinyi, si yeye. Asiyepata nafasi, na ana gari, aende kusini hadi Piedras Blancas karibu na San Simeon. Sili-tembo walianza kufika hapo mwaka 1990, kuna njia ya mbao juu ya ufuko, hakuna kiingilio wala miadi. Umbali ni mrefu, lakini kwa watu wanne kwenye gari moja ni siku tamu.

Afrika Kusini boti ya kawaida hairuhusiwi kumkaribia nyangumi chini ya mita 300. Zenye kibali maalumu tu ndizo zinazoruhusiwa hadi mita 50. Kwa hiyo mtu akikuita bandarini na kukuahidi kukupeleka karibu kwa bei ya chini, muulize kibali. Asipokuwa nacho, juu ya jabali utakuwa karibu zaidi, na hakuna anayemfukuza mama na mtoto wake kwa ajili yako. Nyuzilandi idara ya hifadhi inataka mita 20 kati yako na sili, na usisimame kati yake na bahari, maana akitaka kukimbia atakupitia. Uskoti kumsumbua pomboo ni kosa la jinai. Kwa aliye mchangani hilo halihitaji juhudi, ila mwenye ubao wa kupiga kasia asijaribu kuingia katikati ya mawindo yao.

Bwenini

Hosteli za pwani zote nne zinafanana kuliko zinavyotofautiana, kwa hiyo nitasema machache. Jiko ndilo linalokuokoa. Kabla hujalipa hakikisha lipo na wageni wanaruhusiwa kulitumia, na nunua vyakula mjini, kwa sababu Pigeon Point hakuna duka la karibu. Kufuli yako mwenyewe. Vizibo vya masikio. Begi la kulalia acha nyumbani, kwani hosteli nyingi huyakataa kwa hofu ya kunguni na hukupa shuka. Chukua kitanda cha chini kama unakusudia kuamka alfajiri, na panga kila kitu jioni, ili usiwaamshe watu saba kwa kutafuta soksi.

Tahadhari moja kwa Nyuzilandi: mtandao wa YHA wa huko ulifunga hosteli ulizokuwa ukiziendesha mwenyewe mwezi Desemba 2021. Maelezo ya kabla ya hapo yanaweza kukupeleka kwenye milango iliyofungwa. Hosteli za watu binafsi zipo, tafuta maoni ya karibuni.

Darubini nayo ihesabiwe kama kitanda. Ya mara nane inatosha, na usiende na yenye nguvu zaidi bila kiguu cha kuisimamisha, mkono utatetemeka na bahari itaruka. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, kati ya darubini nzuri na safari moja ya boti, Hermanus, California na Chanonry zote nasema darubini. Kaikōura pekee nasema boti.

Ningemshauri nani aende wapi

Aliye peke yake na ana fedha kidogo kuliko wote, na anataka nyangumi, aende Hermanus katikati ya Septemba, akae usiku wanne au watano. Aepuke wikiendi ya tamasha la nyangumi, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, maana vitanda vinakwisha na bei zinapanda. Abebe koti la mvua, kwani ni miezi ya upepo na baridi huko. Atembee njia ya majabali mchana, na mwenzake wa hosteli kama yupo.

Marafiki watatu au wanne wenye leseni ya gari waende California mwishoni mwa Januari. Hakuna pwani nyingine kati ya hizi inayokupa vita vya madume, watoto wanaonyonya, na nyangumi wanaopita mbele ya dirisha, vyote ndani ya wiki moja.

Mwenye siku tatu tu, au mwenye watoto wasiovumilia boti, aende Chanonry. Mwenye likizo isiyobadilika, iwe Aprili au Novemba, na moyo wake uko kwa yule wa kichwa cha sanduku, aende Kaikōura, na aweke fedha ya boti kando kabla ya kitu kingine chochote.

Wengi hukosea mpangilio wa kushika nafasi. California shika kwanza matembezi ya Año Nuevo, kisha kitanda cha Pigeon Point, gari mwisho. Hermanus kitanda kwanza, kisha uliza hosteli habari ya usafiri. Kaikōura boti ya asubuhi ya kwanza, halafu kitanda kuizunguka. Na Chanonry usishike chochote kabla hujafungua jedwali la maji la Inverness na kutafuta siku ambazo maji yanapwa alfajiri na tena jioni, kisha uangalie kama basi la Fortrose linafika kabla ya maji kuanza kurudi.